Baada ya Mtoto wa Siko Seli: Tuzae Tena?

Mhadhara kwa wazazi wa kliniki ya watoto, Mwanza

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nimeombwa nizungumzie swali ambalo mnaniuliza mkiwa tayari mmesimama kuondoka, mkono uko kwenye kitasa: "Sista, sasa tuzae tena, au basi?"

Siwaamulii. Ninachotaka ni kwamba mkiamua, muamue wawili, na hesabu muwe mmeielewa, maana hii hesabu wengi wameishika kinyume.

Nina kikombe hapa na vizibo vinne vya soda: kimoja chekundu, viwili vya njano, kimoja cheupe. Siko seli ni ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtoto wa siko seli amerithi kinasaba cha ugonjwa kwa mama na kwa baba, kimoja kimoja. Ninyi hamuumwi kwa sababu kila mmoja wenu ana kimoja kibovu na kimoja kizima. Kwenye kadi tunaandika AS: A ni kizima, S ni kibovu. Kila mimba ni kutia mkono humu. Chekundu ni SS, mgonjwa. Njano ni AS kama ninyi. Cheupe ni AA. Haya, mama wa kitenge cha bluu, chukua kimoja bila kuangalia. Njano. Kirudishe.

Hapo kwenye kukirudisha ndipo watu wanapopotea. Baba mmoja aliniambia, "Daktari alisema mmoja kati ya wanne. Wetu tumeshampata, watatu waliobaki ni salama." Sivyo, baba. Kizibo kinarudi kikombeni. Mimba ya pili ni 25 katika 100, ya tano vilevile 25. Mkitaka wengine watatu, uwezekano wa wote watatu kuukosa ugonjwa ni kama 42 katika 100. Kuna wanaosikia hivyo wakasema basi, huyu tuliye naye tumpe nguvu zetu zote. Kuna wanaosema tutajaribu mmoja. Nimekaa na wote, na sioni wa kumlaumu.

Akina baba, ambao leo mmekuja wachache kuliko nilivyotaka: kipimo ni cha wawili. Mama mkwe akisema ugonjwa umetoka ukoo wa mke, mwambieni kwa adabu kwamba SS haitoki upande mmoja. Na anayedhani dawa ni kuoa kwingine ajue kuwa Kanda ya Ziwa wenye AS ni wengi. AS humkinga mtu kwa kiasi na malaria kali, ndiyo maana kinasaba hiki kimedumu kwetu. Anthony Allison alilionyesha hilo mwaka 1954, kwa utafiti wa hapahapa Afrika Mashariki. Mke mpya akiwa AS, kikombe ni kilekile.

Jingine ni muda. Mtoto huzaliwa na aina ya damu inayomlinda miezi ya mwanzo, kwa hiyo vidole kuvimba na kuishiwa damu huja baadaye, mara nyingi baada ya nusu mwaka. Wengine mama alikuwa na mimba nyingine kabla wa kwanza hajapimwa. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mama akae angalau miaka 2 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba tena. Kwenu ushauri huo una faida ya ziada: mnapata nafasi ya kufikiri. Kuna vijiti vya miaka 3 na vya miaka 5, kuna kitanzi, sindano, kondomu. Kuwa AS hakukuzuii kutumia chochote kati ya hivyo. Kufunga kizazi msikukimbilie wiki ya majibu, wiki ambayo mtu hata usingizi hana.

Wapo wanaotaka mtoto mwingine ili amtolee nduguye mgonjwa uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Natamka polepole. Uloto wa ndugu wa baba na mama mmoja hulingana mara 1 katika 4, na lazima yeye mwenyewe asiwe SS. Ukiziweka pamoja unapata 3 katika 16. Mzaeni kama mnamtaka yeye mwenyewe.

Kupima mimba ikiwa tumboni kunawezekana kitaalamu, kwa kuchukua chembe za kondo la nyuma au maji ya uzazi, lakini kwa wengi wetu huduma hiyo ni mbali na ni ghali. Na sheria ya Tanzania hairuhusu kutoa mimba kwa sababu ya siko seli. Ndiyo maana uamuzi mzito unabaki kabla ya mimba.

Mkishaamua kuzaa, au ikitokea tu, mwambieni mkunga mapema kwamba nyumbani kuna SS. Mtoto apimwe akiwa mchanga, msisubiri avimbe vidole. Akikutwa SS, aanze penisilini kufikia miezi 2 na aendelee hadi miaka 5, apate chanjo zote, alale kwenye chandarua. Mkono ule wa nyuma nauona, baba. Uliza.