Rais Peke Yake Sio Serikali

Asanteni, karibuni, na nyie mliosimama mlangoni njooni viti vipo huku mbele. Haya. Nimeombwa nizungumzie misingi ya serikali ya Marekani na Katiba yake, ila naona wengi hapa mnajiandaa na mtihani wa uraia, maseneta 100 mnawajua, wawakilishi 435 mshawakariri, mihimili mitatu mnaitaja hata usingizini, kwa hiyo hayo sirudii. Mi nina jambo moja ambalo nimelisema kwenye kila ukumbi wa Waswahili hapa Columbus na nitalisema tena leo: rais wa Marekani sio serikali nzima, kuna Kongresi, yaani bunge, na kuna mahakama.

Maana simu hazikatiki jamani. Mama wa watu katumiwa voisi WhatsApp, "rais ameshaamua, sisi basi tena", halali usiku kucha, asubuhi anamzuia mtoto asiende shule. Mwingine naye anashangilia, eti rais kasema tutapewa hiki na kile. Mi huwa nauliza: kasema au kasaini? Na kama kasaini, kasaini sheria iliyopitishwa na Kongresi, au ni amri yake mwenyewe? Na kama ni amri, kuna mtu ameshaipeleka mahakamani? Watu wananikasirikia, wanataka niwaambie ndio au hapana tu, lakini mzee wangu, bila kujua hayo matatu hata wakili wako hawezi kukujibu.

Naelewa inakotoka. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo tamko la rais kwenye taarifa ya habari usiku, asubuhi mkuu wa wilaya kashaanza kutekeleza. Hapa utaratibu ni mwingine, na ngoja niwape kisa cha viwanda vya chuma, mlioshanisikia vumilieni kwa sababu hakuna kisa kinachoifundisha hii Katiba vizuri kama hiki.

Mwaka 1952, vita vya Korea vinapiganwa, wanajeshi wa Marekani wanakufa kule. Wafanyakazi wa viwanda vya chuma wanataka mshahara uongezwe, matajiri wanagoma kutoa, chama cha wafanyakazi kinasema tunaweka zana chini. Rais Harry Truman anaona chuma kikikosekana silaha zitakosekana, basi tarehe 8 Aprili anaingia hewani kulitangazia taifa, na anatoa amri waziri wake wa biashara, Charles Sawyer, avichukue viwanda viendeshwe na serikali. Sasa fikirieni, vita ipo, sababu anayo, na yeye ndo amiri jeshi mkuu, Katiba imeandika hivyo kabisa. Nani atampinga?

Kampuni zilikwenda mahakamani, na ile ambayo kesi imebeba jina lake ni ya Youngstown, hapahapa Ohio, unawasha gari sasa hivi jioni uko kule! Tarehe 2 Juni Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi, majaji sita kwa watatu: rais hana mamlaka hayo. Jaji Hugo Black akasema amri ya namna hii ni kutunga sheria, na kutunga sheria ni kazi ya Kongresi, iwe wakati mzuri au mbaya. Na kumbukeni Kongresi ilikuwa imeshatoa njia yake ya kushughulikia migomo, sheria ya Taft-Hartley ya 1947, huyo Taft mwenyewe alikuwa seneta wetu wa Ohio. Truman aliipiga veto ile sheria, yaani aliikataa, Kongresi wakairudisha kwa theluthi mbili za kila baraza ikawa sheria bila kupenda kwake. Mnaona mambo yanavyoshikana?

Na hapa ndo pananifurahisha. Majaji wote tisa walikuwa wameteuliwa na marais wa chama cha Truman, yeye na Roosevelt kabla yake. Wanne aliwateua Truman mwenyewe, na wawili kati ya hao wanne walimpigia kura ya kumpinga, mmoja akiwa Tom Clark ambaye alikuwa mwanasheria mkuu wake! Jaji wa mahakama ya shirikisho anakaa maisha, ukishamteua huna cha kumfanya. Truman alikasirika, lakini viwanda akavirudisha, wafanyakazi wakagoma zaidi ya siku 50.

Najua kuna mtu anasema moyoni, mwalimu hiyo zamani, halafu mahakama zenyewe zinampendelea rais. Sikiliza, sikusema mahakama inamwokoa kila mtu. Mwaka 1944, Marekani ikipigana na Japani, mahakama hiyohiyo ilikubali Wajapani wa Marekani waondolewe kwenye maeneo yao kwa amri ya kijeshi, watu kama 120,000 waliishia makambini, wengi wao raia waliozaliwa hapa. Sasa tofauti ni nini? Moja kubwa, Kongresi ilikuwa imepitisha sheria ya kuunga mkono ile amri. Jaji Robert Jackson aliieleza vizuri kwenye kesi ya chuma: rais ana nguvu kuliko wakati wote akitembea pamoja na Kongresi, Kongresi ikikaa kimya hapo ni kizani, na akienda kinyume na walichokipitisha ndo anakuwa dhaifu kabisa. Kwa hiyo ukisikia amri mpya, usiishie kumwangalia rais usoni, angalia Kongresi wako wapi. Hilo tu, na mkilishika hilo mi nimeridhika hata mkisahau mengine yote.

Naona naonyeshwa saa. Pesa basi haraka haraka: Katiba, Ibara ya Kwanza, hakuna senti inayotoka hazina bila sheria ya matumizi iliyopitishwa na Kongresi, ndo maana bajeti ikikwama ofisi zinafungwa.

La pili, usikubali kuambiwa asiye raia hana Katiba. Mwaka 1886 dobi Mchina wa San Francisco, ambaye hakuwa raia, alishinda Mahakama ya Juu kwa Marekebisho ya 14 ya Katiba, yanayompa kila mtu ulinzi sawa wa sheria, mji ulikuwa unawanyima Wachina vibali vya madobi na wazungu wanapewa.

Nilikuwa na sehemu nzima ya jimbo, gavana, leseni ya udereva, sherifu wa kaunti anayepigiwa kura, bodi ya shule inayochaguliwa mwaka ambao rais hayupo hata kwenye karatasi na watu wetu hawaendi, hiyo inaniuma sana ila itabidi tuiitie siku yake.

Lakini hili siliachi. Mwakilishi wako wa Kongresi ana ofisi huku jimboni. Karatasi zako za uhamiaji zikikwama bila jibu, piga simu pale, utapewa fomu ya ruhusa usaini, wataiuliza idara kwa niaba yako, na sio lazima uwe raia, muhimu unaishi kwenye eneo lake. Hawatalazimisha ukubaliwe, wanaulizia tu, na ni bure, kwa hiyo usimlipe mtu dola zako akufanyie hiyo kazi. Kama humjui mwakilishi wako ni nani, njoo hapa mezani na zip code yako, ile namba ya posta ya unapoishi, tumtafute sasa hivi. Haya, maswali, tuanze na mama pale.