Mkono Ukifa Ganzi Usiku: Chunguza, Kisha Tibu

Hamjambo. Video ya leo ni ya wasusi wa Kibuye na Kondele, mafundi wa cherehani, akina mama wanaopara samaki Dunga, na yeyote anayeamshwa usiku na mkono uliokufa ganzi, akaukung'uta hadi ukarudi. Wengi hapa Kisumu husema ni baridi, wakajichua, asubuhi wakarudi kazini. Mara nyingi si baridi. Ni neva iliyobanwa, na ikibanwa muda mrefu huharibika.

Tazama kifundo changu, upande wa kiganja. Hapa pana njia nyembamba: chini na kando ni mifupa, juu ni utepe mgumu usiotanuka. Ndani hupita kano 9 zinazokunja vidole, pamoja na neva ya midiani. Sehemu hiyo ikivimba, neva ndiyo inayoumia. Hospitalini hali hii huitwa kapali taneli.

Kwanza, tambua vidole. Neva hii hufikia gumba, shahada, kidole cha kati na nusu ya kile cha pete. Ikiwa ganzi iko kwenye kidole cha mwisho pekee, tatizo liko kwenye neva nyingine, basi kamwone daktari.

Sasa tujipime. Gusanisha migongo ya viganja, vidole vikielekea chini. Hivi. Tulia dakika 1. Ganzi ikija kwenye vidole nilivyotaja, ni dalili nzito, ingawa haitoshi kuthibitisha. Maumivu yakizidi, achia mara moja.

Tukija kwenye matibabu, nitakaa sana kwenye gango la usiku, yaani kifaa cha kuvaa kinachoshikilia kifundo kisijikunje. Ukilala, mkono hujikunja wenyewe na neva hubanwa zaidi. Nunua gango la kifundo kwenye duka la dawa. Kabla ya kulivaa, chomoa bapa la chuma lililo ndani. Unaona lilivyopinda? Mengi huja hivi, yakiinua kiganja. Linyooshe, lirudishe, kisha vaa: kifundo kiwe sawa na mkono, vidole vikunje ngumi bila kizuizi. Usikaze. Ukiamka na vidole vimevimba au vimebadilika rangi, ulikaza mno. Vaa kila usiku kwa wiki 6 hivi. Nawasihi msikate tamaa wiki ya kwanza.

Mchana, msusi, panga kimo cha kiti cha mteja ili vifundo vyako visipinde, na upumzishe mikono kabla ganzi haijaanza. Wa bodaboda, mtetemo wa usukani nao huchangia. Ukiwa stejini achia kabisa, nyoosha vidole. Dawa za maumivu hazifungui njia ile, kwa hiyo msizimeze miezi na miezi.

Mwombe daktari akupime sukari na tezi ya shingo, kwani kisukari na upungufu wa homoni ya tezi huleta hali hii. Mama mjamzito, kwako mara nyingi hupungua baada ya kujifungua. Gango ni salama kwako.

Gango lisiposaidia, kuna sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, kwenye kifundo. Nafuu yake yaweza kudumu miezi, ingawa kwa wengine ganzi hurudi. Kisha kuna upasuaji: ule utepe hukatwa ili neva ipate nafasi. Kwa kawaida hutiwa ganzi mkono tu, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Najua kisu kinaogopesha, hasa kwa anayekula kwa mikono yake. Lakini tazama nyama hii iliyo chini ya gumba. Yako ikiwa imenywea, au vikombe vinakuponyoka, au ganzi haiondoki mchana kutwa, usingoje hizo wiki 6. Nenda hospitali ya kaunti, au ya rufaa kama Jaramogi, wiki hii.

Ukifika, usiseme tu mkono unauma. Mwonyeshe daktari ni vidole vipi, mwambie ni saa ngapi ganzi huja, unafanya kazi gani, na gango umelivaa kwa muda gani.