Calm ni neno la jua kali

Haya, wa nyuma mnanisikia? Kaka wa maiki ongeza kidogo. Nimeambiwa niongelee neno calm, utulivu kwa Kiingereza, na walionisikia mwaka jana washaanza kucheka, wanajua naenda wapi. Naenda kulekule. Maana kila nikishika simu nakutana na motivesheni spika kakaa kwenye kochi jeupe anawaambia watu ati calm tangu asili ni ubaridi wa moyo, ni neno la mwenye hekima. Nani kakwambia? Ni neno la jua!

Twende polepole hapa. Kigiriki wana kaiein, kuunguza. Kikazaa kauma, joto la kuunguza. Walatini wakalichukua likawa cauma, na mkitaka ushahidi fungueni Biblia ya Kilatini, Ayubu 30:30, mzee wa watu kapigwa na kila balaa, ngozi imemgeuka nyeusi, analia mifupa yake imekauka kwa joto, na joto lenyewe pale limeandikwa hilohilo cauma. Sasa nionyesheni utulivu uko wapi hapo! Mtu anaungua mpaka mifupa na neno analolililia ndo babu yake calm.

Ilikuwaje likageuka? Fikiria saa saba mchana, kiangazi, nchi za Mediterania, kondoo wamejilaza kivulini, mchungaji naye kalala, upepo umekata. Neno la joto likaanza kubeba na ule muda wa kupumzika jua likiwa kali, halafu na bahari isiyo na upepo. Waitalia wakasema calma, Wafaransa calme, Waingereza wakalipokea karne ya 14, na kwao lilikuwa la hewa na bahari. Moyo wa mtu uliingizwa baadaye, karne ya 16. Namwona mwalimu wa Kilatini hapo mbele ananyoosha mkono, L imetoka wapi wakati cauma haina L? Sawa mwalimu, wanaolichimba hilo neno wanadhani liligongana na calere, kuwa na joto. Joto tena! Utalikimbilia wapi?

Na msidhani bahari ikitulia ni raha kwa kila mtu. Mwenye injini atafurahi, ila mwenye jahazi tanga limemning'inia kama shuka kwenye kamba, haendi mbele harudi nyuma na maji ya kunywa yanaisha. Sisi wenyewe shwari tumeitoa hukohuko baharini tukaileta mtaani, mambo shwari, bila kumuuliza nahodha. Francis Beaufort wa jeshi la majini la Uingereza alipopanga vipimo vya upepo mwanzoni mwa miaka ya 1800, calm akaiweka sifuri. Sifuri, jamani.

Kuna mtoto mwingine wa cauma huyu nampenda zaidi. Wafaransa walipata chômer, kupumzika wakati wa joto, baadaye ikawa kukaa bila kazi, na chômage ni ukosefu wa ajira. Ndugu zetu wa Kigali hapa wanacheka, maana kwao asiye na kazi ni umushomeri. Kwa hiyo calm na ushomeri ni ndugu wa damu, haya nenda kamwambie mshomeri awe calm uone atakachokujibu.

Mtaniambia mbona Waingereza wanajisifia, si kuna lile bango la Keep Calm and Carry On, tulia uendelee na mambo yako, tunaliona mpaka kwenye fulana za mitumba. Ndiyo, serikali yao ilichapisha karibu milioni 2.5 mwaka 1939, likabaki stoo, mengi yakaishia kusagwa, likaja kuonekana tena mwaka 2000 kwenye duka la vitabu vya zamani huko Alnwick, Uingereza. Na walilichapisha kwa sababu mabomu yalikuwa yanakuja, siyo kwa sababu ya kochi jeupe.

Naona natolewa macho na saa, basi haraka haraka. Phlegmatic, mtu asiyeshtuka, nayo ni ya moto, Kigiriki phlegein kuwaka, na Waarabu walilipitisha likatufikia sisi kama belghamu, ndiyo, hii ya kifuani. Aplomb, kujiamini bila kuyumba, ni timazi la fundi, limenyooka wima, imeisha hiyo. Nonchalant, mtu asiyejali, tuliache leo.

Maswali? Hapana dada, serene, tulivu, haikutoka kwa mtu aliyeitwa Serena, serenus ni anga isiyo na mawingu, Serena ndo ametoka huko.