Elektrodi Ndani ya Tope la Majitaka: Methani ya Ziada Inatoka Wapi?

Ndugu wasikilizaji, tope la majitaka likifungiwa kwenye tangi lisiloingiza hewa, kwa joto la nyuzi 35 hadi 37, hutoa gesi ambayo asilimia 60 hadi 65 ni methani. Sehemu kubwa ya inayobaki ni hewa ukaa. Hewa ukaa hiyo ndiyo tunayoiwinda, tuigeuze methani. Tukitumbukiza elektrodi mbili, yaani vipande vya kupitishia umeme, na kuzipa volti 0.5 hadi 0.8, bakteria kama Geobacter hujenga utando juu ya anodi, ile elektrodi ya upande chanya, hula asidi ya asetiki na kuiachia anodi elektroni. Upande wa kathodi, yaani elektrodi hasi, vijidudu vya methani huzitumia elektroni hizo, ama moja kwa moja ama kupitia haidrojeni, kugeuza hewa ukaa kuwa methani. Kila molekuli ya methani hudai elektroni 8.

Ishikeni hiyo 8, maana ndiyo mizani yetu. Fungeni rezista ya omu 10 kwenye waya, mpime volti kati ya ncha zake: milivolti 100 ni sawa na miliampia 10. Kwa siku nzima mkondo huo hubeba kulombu 864. Gawanyeni kwa 8 mara 96,485, yaani kulombu za moli moja ya elektroni, mpate moli za methani; kila moli ni lita 22.4 kwa nyuzi 0. Ni methani ya mililita 25 tu. Tangi likiongeza mililita 200, basi nyingi hazikuletwa na mkondo. Mara nyingi sababu ni uso wa elektrodi wenyewe: vijidudu vinavyozaliana polepole vimepata pa kushika, havisombwi tope linapotolewa. Kwa hiyo pimeni matangi matatu: lisilo na elektrodi, lenye elektrodi bila umeme, na lenye umeme. Lile la kati ndilo linalorukwa, na bila hilo jaribio halithibitishi kitu.

Kathodi ya wavu wa chuma cha pua inafaa. Anodi iwe ya nyuzi za kaboni, kwani chuma upande huo huliwa. Platinamu huharibiwa na salfaidi iliyomo kwenye tope. Nywele zilizomo kwenye tope huziba elektrodi, nazo elektrodi zikigusana mkondo hupaa ilhali gesi haiongezeki. Msivuke volti 1.2: maji yataanza kuvunjika, na oksijeni itaua wakazi wa anodi. pH, kipimo cha uasidi, ikishuka chini ya 6.5, punguzeni kulisha tangi, msipandishe volti.

Jambo jingine: elektroni za anodi zimetoka kwenye tope lilelile. Kila kilo ya COD (uchafu ukipimwa kwa oksijeni inayohitajika kuuoksidisha) iliyoliwa haiwezi kutoa zaidi ya lita 350 za methani, zikipimwa kwa nyuzi 0 na kanieneo ya kawaida. Mita ikisoma zaidi, ikagueni mita kwanza, kisha anodi.