Volontia mlangoni: tuandike upya mwongozo wa kutembelea familia

MAMA BARAKA: Haya karibuni tena, tuko Kisumu kama kawaida, na leo ni nyinyi mavolontia mnaoenda kwa nyumba za watu na unga na mafuta. Mwalimu, grupu nyingi bado zinatumia ule mwongozo wa wakati wa korona, na ule ulikuwa wa kunawa mikono na barakoa tu.

MWALIMU: Ndio nasema uandikwe upya wote. Mimi ningeanza na vesti. Mnaingia ploti ya Manyatta ama Nyalenda, milango inaangaliana, mko watu sita na vesti zimeandikwa jina la shirika, hata kabla mbishe hodi ploti nzima imeshajua ni nani amekosa chakula.

MAMA BARAKA: Na kama shirika linajulikana kwa mambo ya ukimwi ndio mbaya kabisa, umetangaza hali ya mtu na hujafungua mdomo. Kuna sheria ya 2006 inakataza kutoa siri ya mtu ya HIV bila ruhusa yake.

MWALIMU: Kabisa. Waende wawili, nguo za kawaida, kitambulisho cha grupu kitolewe pale mlangoni. Wale wa Vincent de Paul wa parokiani, chama cha Wakatoliki cha kusaidia maskini, huwa wanatembea wawili wawili tangu zamani, na kilianza Paris 1833.

MAMA BARAKA: Na wapige simu kwanza, mtu asifumaniwe akifua. Sasa picha je? Wafadhili wanataka picha.

MWALIMU: Hapo sikubali hata kidogo. Mama ameshika pakiti ya unga, watoto wako nyuma, picha inaenda WhatsApp inaenda Facebook, kesho huyo mtoto yuko shule na wenzake wameiona. Unamuuliza "mama, tupige picha?" na unga bado uko mkononi mwako, atakataa aje? Sheria ya kulinda data za watu ya 2019 inataka idhini ya hiari, na ya mtoto itoke kwa mzazi ama mlezi. Mfadhili atumiwe risiti na picha ya magunia.

MAMA BARAKA: Lakini kuna familia zinapenda picha, Mwalimu, wengine wanaomba wenyewe.

MWALIMU: Basi waulizwe siku nyingine, chakula kikiwa kimeshaliwa.

MAMA BARAKA: Hiyo nimekubali. Na mkikuta mtoto peke yake?

MWALIMU: Hamuingii. Mnapigia mzazi, mnarudi siku nyingine. Na mkiona dalili mtoto anapigwa ama anateswa, msianze kumhoji nyinyi, na tafadhali msiitishe kikao na wazee wa ploti kusuluhisha. Pigeni 116, namba ya kusaidia watoto, ni bure usiku na mchana, ama mwende kwa afisa wa watoto.

MAMA BARAKA: Hiyo namba iandikwe ukurasa wa kwanza kabisa. Tukirudi tutaongea juu ya lile daftari la majina ya familia mnazotembelea, linakaa kwa nani na nani anaruhusiwa kulifungua.