Kulala Kwenye Kisiwa Kisicho na Gati Wala Duka

(Mhadhara uliotolewa Entebbe mbele ya wapenda safari na wanafunzi)

Mabibi na mabwana, wazee wangu mliotangulia kuketi, na ninyi vijana mliotoka Kampala, Masaka na Busia, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie kupiga kambi kwenye visiwa visivyofikika ila kwa mashua, visiwa ambavyo havina nyumba ya wageni, havina bomba, havina hata choo. Nina neno moja tu la kuwaambia. Safari ya namna hii hupangwa kuanzia mwisho. Kwanza unapanga utakavyorudi, ndipo unapanga utakavyokwenda. Ukiwa mlimani Elgon na hali ya hewa ikachafuka, miguu yako mwenyewe yaweza kukushusha. Kisiwani miguu inakufikisha ufukweni tu, na hapo unasubiri ziwa likupe ruhusa.

Nianzie mbali kidogo, kwa sababu wako watu ambao wamezoea mambo haya na wameyawekea taratibu. Katika jimbo la North Carolina, Marekani, iko hifadhi ya taifa iitwayo Cape Lookout, iliyoanzishwa mwaka 1966. Ni mlolongo wa visiwa vyembamba vya mchanga, karibu kilomita 90 kwa urefu, vilivyolala sambamba na pwani na kuikinga bara na mawimbi ya Atlantiki. Hakuna daraja. Unavuka kwa feri ndogo au kwa chombo chako. Kupiga hema ufukweni kunaruhusiwa, lakini maji ya kunywa unabeba mwenyewe, na taka zako zote unarudi nazo. Moto unawashwa chini ya alama ya maji kujaa, ili maji yakipanda yaondoe majivu na aliyekuja baada yako asikute doa jeusi.

Visiwa vya aina hiyo havitulii mahali pamoja. Dhoruba inapokuja, mawimbi yanaruka juu ya tuta la mchanga, yanauchota upande wa bahari na kuumwaga upande wa nyuma, na kwa miaka mingi kisiwa chote kinajisogeza kuelekea bara. Mwezi Septemba 2019 kimbunga Dorian kilikata njia nyingi za maji katikati ya kimoja cha visiwa hivyo, na mahali ambapo mtu angeweza kutembea wiki iliyotangulia pakawa mkondo. Ndiyo maana mpiga kambi wa huko hasemi tu "nitalala pale nilipolala mwaka jana". Anauliza kwanza kama hapo mahali papo. Na huko huko kuna kijiji, Portsmouth, kilichokuwa bandari yenye shughuli nyingi. Wakazi wake wa mwisho waliondoka mwaka 1971. Nyumba zimebaki na kanisa limebaki. Mgeni anayelala karibu na hapo analala karibu na makwao watu.

Hilo la makwao watu ndilo linalonirudisha kwetu. Mbele yetu hapa, katika Ziwa Victoria, ambalo sisi huliita Nalubaale, ziko Ssese, visiwa 84 vya wilaya ya Kalangala, vingine vina miji na mialo ya wavuvi, vingine havina mtu. Hivi si vya mchanga unaohama. Ni vya mwamba na udongo, vimevaa msitu. Kijana akiviona kwa mbali husema, lo, kisiwa kitupu, twendeni. Ndugu zangu, Ssese hazikuanza kuwa tupu. Kisiwani Bubembe palikuwa na hekalu kuu la Mukasa, lubaale wa ziwa, yaani mungu wa jadi wa Waganda, na kabaka, mfalme wa Buganda, alikuwa akituma sadaka huko. Kisha ukaja ugonjwa wa malale. Kati ya mwaka 1900 na 1920 watu zaidi ya 200,000 walikufa katika Busoga, Buganda na mwambao wa ziwa, na mwaka 1909 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa Ssese hadi bara ili mbung'o wakose wa kumuuma. Iliwachukua karibu miaka kumi kabla ya kuruhusiwa kurudi, na wengi hawakurudi. Kwa hiyo msitu mnene unaouona leo ukadhani ni wa tangu kuumbwa kwa dunia, sehemu yake imeota juu ya migomba ya watu na makaburi yao. Ukikuta vibuyu, mikuki au nguo ya gome chini ya mti mkubwa, hapo si mahali pa kufunga kamba ya hema. Na kabla ya kushuka kisiwa chochote, piga hodi kwenye mwalo wa karibu: mwone mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, umweleze mko wangapi na mnataka kulala wapi. Kama ni msitu wa hifadhi, kibali kinatoka kwa Mamlaka ya Taifa ya Misitu. Wapo watu wanaouona utaratibu huu kuwa usumbufu. Mimi nauona ndio bima ya kwanza, maana ninyi mkichelewa kurudi, huyo mwenyekiti ndiye atakayejua mlielekea wapi.

Sasa hali ya hewa, na hapa naomba tukae kidogo.

Ziwa hili ni kubwa kiasi cha kujitengenezea mvua yake. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu ya ardhi inapanda, na upepo unavuta kutoka ziwani kwenda bara. Ndiyo maana alasiri mawingu yanajikusanya nchi kavu huku ziwa likiwa na anga safi. Usiku mambo yanageuka. Ardhi inapoa, maji yanabaki na joto lake, na upepo unatoka bara kila upande, kutoka Uganda, Kenya na Tanzania, unakutana katikati ya ziwa. Hewa ikibanwa hivyo haina pa kwenda ila juu, na ikipanda juu ya maji yenye joto inazaa radi na mvua ya dhoruba. Kwa hiyo dhoruba kubwa za Nalubaale huja usiku wa manane hadi asubuhi. Mtu aliyekulia bara amezoea kwamba asubuhi ni shwari na mvua ni ya jioni. Kwa desturi hiyo atasema, tuondoke saa kumi alfajiri tuwahi. Huo ndio wakati ambao mtu hapaswi kuwa katikati ya ziwa katika boti ya mbao.

Rai yangu ni hii. Ngojeni kuche, mtazame anga pande zote, hasa upande ambao upepo unatoka. Ikiwa kuna ukuta mweusi, kunyweni chai. Ikiwa kumetulia, vukeni kati ya saa tatu na saa sita, kabla upepo wa ziwani haujaamsha mawimbi ya alasiri. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusini mashariki huvuma kwa nguvu, na upande wa kisiwa unaoutazama haufai kushukia. Tafuteni ghuba ya upande wa pili. Wataalamu wa hali ya hewa wa Uganda hutoa utabiri wa ziwa, na mialo mingi wapo watu wanaoupokea. Usikilizeni, kisha msikilizeni na nahodha. Nahodha akisema leo hapana, msimpandishie bei. Abiria wanaobembeleza na kuongeza pesa wamewapeleka manahodha wengi mahali ambako wasingekwenda kwa akili yao.

Mnaikumbuka boti Templar, iliyozama tarehe 24 Novemba 2018 upande wa Mukono ikiwa na watu waliokwenda kustarehe. Zaidi ya 30 walikufa, na hawakuwa mbali na nchi kavu. Jaketi la kuokolea linavaliwa kabla ya kukanyaga ubao wa boti, na mikanda inafungwa. Likiwekwa chini ya kiti halimsaidii mtu. Vuta kila mkanda, bonyeza sponji. Ikiwa imekauka na kumeguka, kataa. Mafuta ya injini yagaweni mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi msiiguse. Na kama mfuko unaruhusu, nahodha alale nanyi kisiwani. Boti inayowaacha na kuahidi kurudi Jumapili inategemea injini, afya ya mtu mmoja na hali ya anga, vyote vitatu vikubaliane siku hiyo hiyo. Ndiyo maana chakula na maji ya kunywa vibebwe vya siku moja zaidi ya mnazokusudia. Lita nne kwa mtu kwa siku, kunywa na kupika, ni kiasi cha haki.

Mtaniuliza, tubebe maji na ziwa lote liko mbele yetu? Naam, bebeni. Na hapa nasema kwa uchungu, maana nimewaona vijana wakirudi kwa furaha na kuugua baadaye bila kujua kwa nini. Ziwa hili lina kichocho. Konokono wadogo wanaoishi kwenye majani na mchanga wa ufukweni wanatoa vijidudu ambavyo macho hayavioni, navyo vinatoboa ngozi ya mtu aliyesimama majini. Si lazima unywe. Kuoga, kufua, hata kushuka kwenye boti maji yakiwa magotini yatosha. Vijidudu hivyo hutoka kwa wingi jua likiwa kali, saa zile zile ambazo kuogelea kunapendeza. Vaeni viatu virefu vya mpira wakati wa kushuka. Maji ya kuoga yachemsheni, au yachoteni kwenye jerikeni yakae siku mbili bila kuguswa, maana kwa muda huo vijidudu vinakufa visipopata mtu. Ya kunywa chemsheni daima.

Hema nalo lina adabu zake. Jua linazama karibu saa moja jioni na giza hufuata upesi, kwa hiyo ifikapo saa kumi na moja kila kigingi kiwe ardhini. Kwenye mchanga kigingi kifupi kinang'oka. Jazeni mifuko mchanga, fungeni kamba, ifukieni. Tembeeni ufukweni kwanza mkitazama chini. Mkiona njia pana iliyolainishwa inayopanda kutoka majini kuelekea kwenye nyasi, hiyo ni ya kiboko, na usiku atapita humo humo kwenda kula. Msiwe kati yake na maji. Sogeeni ndani, mahali palipoinuka, pia kwa sababu ziwa lenyewe linapanda na kushuka. Mwezi Mei 2020 lilivuka kimo cha mwaka 1964 ambacho wazee walidhani hakitarudi, na fukwe nyingi zilizokuwa pana zilimezwa. Mwaka huo huo mwezi Aprili kisiwa cha mafunjo kinachoelea kilisukumwa hadi bwawa la umeme la Nalubaale kule Jinja, na nchi nzima ikakosa umeme. Visiwa vya namna hiyo huweza kuziba hata ghuba mliyoingilia, kwa hiyo mkifika, tazameni mahali pa pili pa kuondokea.

Mwezi ukiandama, tegemeeni sami, wale wadudu wadogo wanaotoka ziwani kama moshi mweusi. Hawaumi, lakini wanafuata mwanga na kuingia kwenye sufuria. Pikeni kabla ya giza. Mbu ni habari nyingine: malaria ya visiwani ni kali, kwa hiyo chandarua kiwe ndani ya hema hata kama hema lina wavu wake.

Juu ya taka sina mengi. Mlichokileta kinarudi, pamoja na maganda ya betri na mifuko ya plastiki, na choo kinachimbwa mbali na maji. Kuni za kuokota tu, mti usikatwe. Msisogelee ndege wanaotaga. Visiwa vya Musambwa, karibu na Sango Bay, vimeingizwa katika orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhi oevu muhimu, tangu mwaka 2006 kwa sababu ya shakwe wenye vichwa vya kijivu wanaozaliana pale kwa wingi. Mtu mmoja akipita katikati ya viota, shakwe wanaruka, na mayai yanabaki juani.

Mkisharudi bara, pitieni kwa mwenyekiti mliyemwachia majina, mumwambie mmefika wote. Kisha wiki sita hadi nane baadaye, kila aliyegusa maji ya ziwa aende kituo cha afya apimwe kichocho. Kabla ya hapo dawa ya praziquantel haitoshi, kwa kuwa inaua minyoo iliyokomaa, siyo michanga. Homa ikikupata wakati wowote kabla ya hapo, usingoje hizo wiki. Nenda siku hiyo hiyo upimwe malaria, na umwambie mganga wazi kwamba ulilala kisiwani.

Sasa nayapokea maswali. Dada pale nyuma, naona ulinyoosha mkono mapema.