720,720: namba isiyobakiza

Shikamooni wazee wangu. Walimu wenzangu, habari za jioni. Ahsanteni kwa kuziacha korosho zenu msimu huu mkaja kusikiliza habari za namba.

Mimi namba nilianza kuzipenda juu ya mkeka, hapa hapa Mtwara. Bibi alikuwa akimwaga korosho za kukaanga, wajukuu tumemzunguka. Siku moja zilikuwa 59. Tulikuwa wanane, tukapata saba saba, zikabaki tatu. Kabla hatujala akaja mtoto wa jirani, tukawa tisa: sita sita, zikabaki tano. Ugomvi wote ulikuwa kwenye baki. Nikawa najiuliza, hivi hakuna idadi ambayo tuje wangapi tuje, haibakizi?

Tusipozidi 16, ipo, na ndogo kuliko zote ni 720,720. Wanafunzi wa msingi wanaijua kazi hii kwa jina la KDS, kigawe kidogo cha shirika.

Msizidishe 1 hadi 16 zote, mtafika trilioni 20 na ushei bila sababu. Tafuteni namba tasa tu. Kwa ajili ya 16 tunahitaji 2 mara nne. Kwa ajili ya 9, 3 mara mbili. Halafu 5, 7, 11 na 13, kila moja mara moja. Na 14 je? Haidai kitu, 2 yake na 7 yake zimo tayari.

Sasa angalieni ubaoni. Zile 2 nne, 3 mbili na 5 zinazaa 720. Kisha 7 mara 11 mara 13 ni 1,001. Ndiyo maana 720 imejiandika mara mbili! Binti wa mbele, nitajie namba yoyote ya tarakimu tatu. 358? Haya, iandike mara mbili: 358,358. Gawa kwa 7: 51,194. Gawa kwa 11: 4,654. Gawa kwa 13: umerudi kwenye 358 yako.

Vigawo vyake ni vingapi? Kila kigawo kinachagua: 2 ngapi, kuanzia sifuri hadi nne, njia 5, 3 ngapi, njia 3, na kila moja ya zile nne nyingine ama imo ama haimo. 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 ni 240. Hakuna namba ndogo kuliko hii yenye vigawo vingi kiasi hicho. Namba za aina hii, zinazozishinda zote zilizo chini yake, ndizo alizozichambua Mhindi Srinivasa Ramanujan katika utafiti aliouchapisha mwaka 1915.

Lakini toa korosho moja tu. 720,719 haigawiki kwa 2, wala 3, wala yoyote hadi 30. Kigawo chake cha kwanza baada ya 1 ni 31. Jirani wa mlango kwa mlango, tabia mbali kabisa!

Naona mzee wangu pale nyuma ameinua mkono. Tukiwa 17? Hapo zinabaki tano, kama siku ile ya bibi. Zidisha yote kwa 17, upate 12,252,240. Hiyo inatutosha hadi watu 18. Akija wa 19, tunaanza upya.